Nanga ya kayak niliyoiga kwa ndoano ya kisima, na kamba niliyoidharau

Wakuu, heshima zenu.

Kuna jamaa aliuliza humu juzi jinsi ya kutengeneza nanga ndogo ya kayak ya kuvulia samaki. Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, ikazidi, nikaona nifungue uzi. Nitaandika nilichokiona na nilichokipima. Nikibahatisha mahali, nitasema nabahatisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, bwawa la Kiambere, upande wa Kitui. Nilikuwa fundi wa pampu za maji. Shule niliachia darasa la saba, mengine nilijisomea.

Mhandisi mmoja mgeni alipomaliza mkataba wake aliniachia kayak ya fibreglass, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Sisi Wakamba wa huku tunajua maji ya kuchimba mchangani, si ya kuelea juu yake. Watu walikuja kuitazama kama bibi harusi.

Mke wangu, Mama Mwende, aliitazama kwa jicho lingine. Aliizunguka, akaipima kwa hatua zake.

"Baba Mwende, hii ni hori nzuri ya ng'ombe. Siku utarudi umelowa, naikata katikati napata hori mbili."

Hakuwa anatania. Bwawa lile lina mamba, na kuogelea sijui mpaka leo.

Sasa shida yenyewe. Tilapia hukaa karibu na visiki vya miti iliyozama bwawa lilipojaa. Unafika hapo, kabla hujaweka chambo upepo umeshakusukuma mbali.

Nilijaribu jiwe. Jiwe la kuenea kwenye kayak halikushiki. Jiwe la kukushika halienei.

Ndipo nikakumbuka ndoano ya kisima ya jirani yetu, Mama Nduku. Kamba ya ndoo ikikatika, ndoo ikizama, unaenda kwake kuazima. Ni chuma chenye mikono minne iliyokunjwa, unakishusha, kinanasa ndoo. Kijijini ilikuwa moja tu, na sharti lilikuwa irudi siku hiyo hiyo.

Nilienda na rula na daftari. Nikapima urefu wa mikono, unene, mpindo. Ilikuwa na kamba nene juu, kwenye kichwa. Ilikuwa pia na kamba nyembamba chini mkiani, pale mikono inapokutana. Nikaandika: "kamba ndogo, ya kuning'inizia ukutani."

Sikuuliza. Hilo liwekeni akilini.

Nilikata vyuma vya ujenzi vya milimita nane, nikavikunja kwa moto wa makaa, nikavichomelea. Nanga ilitoka ndogo, urefu wa kutoka kiwiko hadi kiganja. Nikaifunga kamba ya katani, na upande wa pili nikaufunga ubavuni mwa kayak, karibu na mkono wangu. Fundo nililotumia ni la kufungia ng'ombe, halifunguki kirahisi.

Asubuhi ilishika vizuri ajabu. Nilivua tilapia sita bila kusogea.

Mchana upepo ukabadilika. Nikavuta nanga, haiji. Ilikuwa imekumbatia kisiki. Mawimbi yakaanza kunipiga ubavuni, na kamba ikawa inavuta ubavu ule ule chini. Maji yakaingia. Nikashika fundo nifungue. Wakuu, katani ikilowa huvimba, na fundo likawa gumu kama mfupa.

Nilikata kwa kisu cha samaki. Kamba ilipoachia, kayak ikaruka upande wa pili, nikalowa maji mpaka kifuani. Nilifika ufukweni kwa rehema tu.

Mama Mwende aliishika kola ya shati langu, akaikamua. Hakupiga kelele.

"Msumeno naazima Jumamosi," alisema.

Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne nikarudi kwa Mama Nduku kuitazama ndoano upya. Nilipomweleza alicheka mpaka akaketi.

"Fundi! Ulipima chuma yote ukaacha kamba?"

"Ile ndogo? Si ni ya kutundika?"

"Ya kutundika nini? Visima vina mizizi. Ikinasa kwa mzizi, ukivuta kichwa inakaza tu. Unavuta mkia, inatoka kinyumenyume. Ungeuliza, rula haina mdomo."

Nilitengeneza ya pili jioni hiyo. Kamba mbili nilizijaribu, zikajisokota. Nikafikiri usiku, nikapata njia ya kamba moja: ifungwe mkiani, ipande hadi kichwani, pale kichwani ishikwe kwa uzi wa gunia tu. Siku zote inavuta kwa kichwa. Ikinasa, unavuta kwa nguvu, uzi unakatika, mvuto unahamia mkiani.

Nilijaribia shambani, kwenye mizizi ya mgunga. Uzi mmoja ulikatika mapema. Nyuzi nne pamoja hazikukatika kabisa. Tatu zilikuwa sawa. Majirani walipita wakiuliza, "Fundi, leo umeshika kambare wangapi hapo kwa mahindi?"

Kamba niliipitisha kwenye pete ya chuma puani mwa kayak, ili pua iangalie upepo, kisha kamba ikarudi mpaka nilipokaa. Pale nikatumia fundo la punda: unavuta ncha, linafunguka. Urefu wa kamba ni mara tatu ya kina cha maji. Vyote vinaingia kwenye mkebe mmoja wa mafuta ya kupikia, katikati ya miguu.

Ijumaa nikaenda. Nilitupa nanga kwenye visiki makusudi, nikangoja upepo wa mchana. Ulikuja. Kayak iligeuza pua, ikatulia. Nikavuta, haiji. Nikavuta tena kwa nguvu, nikasikia mkononi uzi ukikatika, na nanga ikaja.

Nyumbani, msumeno ulikuwa umeegemezwa ukutani tayari. Mama Mwende alishika kola. Kavu. Akashika mgongo. Kavu.

Akauchukua msumeno kuurudisha ulikotoka. Akiwa njiani akasema, "Basi ng'ombe waendelee kula chini."

Nilichojifunza: kifaa cha watu ukikiiga, sehemu usiyoielewa ndiyo ya kuulizia kwanza. Mimi niliiandikia jibu langu mwenyewe.

Nabahatisha kwamba kwenye matope matupu mikono mipana ingeshika zaidi. Sijapima. Aliyevua kwenye matope atueleze hapa chini.