Mikono ya Bi Povu

Shangazi yangu alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, na kwa miaka ishirini hakuna aliyegusa kichanga pale bila kukaguliwa naye. Wauguzi walimwita Bi Povu, asipokuwepo. Wao walinawa kwa sabuni na maji, wakaendelea na kazi. Yeye alisugua kwa brashi, akamalizia na dawa ya kung'arishia mashuka, mpaka vidole vikapasuka. Mipasuko ile aliivaa kama cheo.

Mlangoni alibandika tangazo kwa mwandiko wake: "Mwenye mikono isiyo salama hashiki mtoto, hata awe nani."

Binti yake alipokaribia kumzalia mjukuu wa kwanza, shangazi aliagiza visahani vya maabara, vyenye utelezi wa kuoteshea vijidudu. Kila mtu wa wodi, yeye mwenyewe pia, abonyeze vidole kwenye chake, kisha tungoje kitakachoota.

"Wewe chako kitaota shamba," alimwambia mfagiaji wa wodi.

"Sawa bosi, tutavuna wote."

Majibu yalikuja siku mbili baadaye, asubuhi ileile mjukuu alipozaliwa. Dada wa maabara alivipanga visahani mezani.

"Cha mfagiaji kina vijidudu vya kawaida, wenyeji wa ngozi. Hawana neno. Wanawabania nafasi wageni wabaya."

"Na hiki kichafu ni cha nani?" shangazi akauliza, kalamu tayari mkononi.

"Ni chako, mama."

"Cha kwangu? Mimi nanawa mpaka naumia!"

"Ndiyo hapo sasa. Kunawa ni lazima, kujichuna si lazima. Wenyeji umewafukuza, na wabaya wamejibanza kwenye mipasuko."

Wauguzi wakapata ghafla mambo ya kutazama darini.

"Si uvae glavu tu," mmoja akanong'ona.

"Wangapi niliwakatalia glavu?" shangazi akamjibu.

Alikwenda mlangoni. Nilimwona akishika ukingo wa tangazo lile, ukucha ukiwa tayari kwenye gundi. Akaliacha.

Jioni nilimkuta kwenye benchi la nje, mikono imepakwa mafuta mazito, imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Ndani, kwenye dirisha la kioo lililo wazi, mfagiaji alikuwa amembeba mtoto.

"Ana pua yako, maskini!" akamwambia shangazi.

Shangazi hakucheka. "Umenawa?"

"Nimenawa, bosi."

"Rudia." Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, basi. Msogeze karibu nimwone."