Dakika Kumi na Moja za Jumamosi

Huko shule, kwetu Sironga, nikishika mpira hata wapishi walikuwa wanatoka jikoni na miiko mkononi. Winga wa kushoto. Timu moja ya Ligi Kuu, Nairobi, ikanichukua kabla hata matokeo ya Form Four hayajatoka.

Baba yangu ni mzee wa kanisa, Msabato kabisa. Ijumaa jua likizama anazima simu, na Jumamosi hakuna kuchuma chai, hakuna redio. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mnacheza siku gani?"

"Jumapili, tata. Na katikati ya wiki."

Nilijua tunacheza hata Jumamosi. Nilitaka tu aniombee niende. Akaniwekea mkono kichwani, akaomba.

Basi kila Jumapili mzee anaacha chai yake, anashuka sokoni kwa bucha yenye TV, anaketi mbele na koti la kanisa. Mimi niko benchi. Watu wanamchokoza: "Mzee, wako si ndiye huyo anachunga chupa za maji?" Anajibu, "Ngojeni tu." Miezi minne, ngojeni tu.

Halafu winga wetu akaumia, nikaingizwa. Jumamosi. Dakika kumi na moja. Niligusa mpira mara tatu, ya tatu nikanyang'anywa, wakaenda wakafunga. Kocha hakuniangalia tena. Msimu ukaisha, nikaambiwa nisirudi. Hiyo ndiyo ligi yangu yote.

Watu wa bucha waliniona siku hiyo. Hakuna aliyemwambia. Nani ataenda kumwambia mzee wa kanisa?

Sasa nachuma chai na yeye. Jumapili iliyopita nilishindwa kuvumilia afikirie sikuwahi kucheza. Video iko kwa simu ya dada yangu, nikaiomba, nikampelekea baba huko huko shambani.

"Tata, angalia tu. Ni mimi nacheza."

Akafuta mikono, akavaa miwani. Alikuwa anatabasamu, na hiyo ndiyo inaniua mpaka leo. Alinijua haraka, kwa jinsi ninavyokimbia. "Huyu hapa!" Kisha akaniangalia.

"Lakini mimi sikukosa Jumapili hata moja. Hii ilikuwa siku gani?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilisema ni Jumamosi.

Alivua miwani, akanirudishia simu ikiwa bado inacheza. Kwenye video sikuwa nimegusa hata ule mpira wa kwanza.

"Kikapu chako kimejaa?"

"Bado."

"Basi chuma."

Tangu siku hiyo hajaniuliza kitu kingine.