Mtejangi wa Oksijeni

Fundi wa kompyuta pale hospitalini hawezi kuacha neno la mwenzake litoke lilivyo. Hata ukimsalimia, midomo yake hucheza kana kwamba anakusahihisha kimyakimya. Ameweka programu yake mlangoni mwa mfumo, na kila ujumbe wa XML, ile lugha ya kompyuta kwa kompyuta, unaokwenda kwa wasambazaji wa vifaa sharti upite hapo, aunyooshe kwanza. Vidole vyake hugusa kibodi polepole, kama mama anayemtoa mtoto tongotongo kabla ya wageni kumwona. "'Mtu' ni neno la mtaani," alimwambia muuguzi mkuu. "Hapa tuna wateja." Akaiamuru programu igeuze kila "mtu" kuwa "mteja", akaenda zake kunywa chai.

Muuguzi akaagiza mtungi wa oksijeni kwa ajili ya bibi aliyekuwa akihema kwa taabu wodini. Msambazaji akapokea oda ya "mtejangi", na mfumo wake ukaikataa: bidhaa hiyo haipo. Ilibidi muuguzi apige simu, auombe mtungi kwa mdomo wake. Ulipofika, alimwendea fundi mbio. "Kaka, programu yako imemla 'mtu' kwenye mtungi!" Fundi hakuinua hata uso. "Hawa wasambazaji hawajui kusoma," alisema, kisha akawaandikia kuomba radhi, kila sentensi imepigwa pasi, akatuma kwa njia ileile. Punde msambazaji akapiga simu, anacheka hadi anakohoa, akitaka kujua huyo "mtejamishi wenu mtiifu" ni nani.