Mto Aliompa Binti Yake

Mto wenyewe ulikuwa kijito tu: unatoka kilimani, unapinda mara tatu, unaingia baharini, kisiwa kimekwisha. Haukuwa na jina. Mchora ramani, ambaye mkewe alikuwa amejifungua wiki ile, akaupa jina la binti yake, akatamba ofisi nzima.

Miaka kumi na tisa baadaye, mafuriko ya mto huo yakamzoa binti yuleyule.

“Mkubwa, nakupigia magoti, lifute jina hilo!” akamlilia mkuu wa ofisi ya ramani.

“Mzee wangu, ramani ziko kila shule. Nitalifutaje?”

Akaenda kuandikisha kifo. Karani akaisoma fomu, jina la marehemu, mahali alipofia, kisha akamrudishia.

“Baba, umekosea. Umeandika jina moja mara mbili.”