Rili ya Baba na Kishikio cha Kushoto

Harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na grisi kuukuu ilikaa nyumbani kwetu Gongoni kiangazi kizima nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Ilishika khanga za mama, ikaingia hata kwenye mboga, na mimi nilikwenda nayo shuleni vidoleni, wenzangu wakidhani baba kafungua gereji. Haikuwa gereji. Ilikuwa rili moja tu, ile mashine ndogo ya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, imefumuliwa vipande vipande juu ya sinia barazani.

Baba alikuwa seremala, na Jumapili aliendesha baiskeli hadi bwawa la Igombe kuvua. Mvua za mwaka ule zilipoanza, kiharusi kilimwangusha kazini. Alilazwa hospitali ya Kitete, akarudi mkono wa kulia umelala na ulimi mzito. Kila asubuhi mama alimtoa barazani apate hewa. Wapita njia walipompa salamu, aligeuza uso. Mkono ule ulituuma, lakini ukimya wake ulituuma zaidi, maana huyu ndiye mtu aliyekuwa akiimba huku anapiga randa.

Mjomba Saidi, kaka yake mama, fundi wa vyerehani, ndiye aliyeikuta rili stoo, ndani ya kiroba kilicholowa mvua. Kishikio kilikuwa hakizunguki. Mama alisema itupwe. Mjomba akaiweka mbele ya baba na kusema, “Shemeji, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.” Baba akageuza uso. Basi mjomba akanigeukia mimi, akanipa bisibisi na mswaki mkuukuu, akanionya nipange kila kipande kwa mstari jinsi kinavyotoka, ili wakati wa kurudisha nianze na cha mwisho.

Kila nilipotoka shule nilikaa na sinia lile. Grisi ilikuwa imeganda kama gundi ya seremala, imemeza mchanga na mabawa ya wadudu. Nililoweka gia kwenye mafuta ya taa, nikachokoa jino baada ya jino kwa kijiti cha fagio, mpaka shaba ikaanza kung'aa chini ya ukoga wa kijani. Kutu ya skrubu niliisugua kwa majivu laini. Baba alitazama ukuta. Sikumwambia mtu, lakini niliweka nadhiri moyoni: rili ikizunguka, baba atapona.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wiki ya tatu kilibaki kile kigurudumu kinachobeba mshipi, cha madini yaleyale ya sufuria, kimeota unga mweupe usiotoka. Nilichoka. Nikakumbuka jinsi magadi ya mama yanavyolainisha maharage, nikayeyusha bonge zima katika maji ya moto, nikakitumbukiza humo. Maji yakatoa povu. Nilifurahi, nikidhani uchafu unakimbia.

“A… acha!”

Nilidhani ni jirani. Kumbe baba alikuwa ameinama mbele, mkono wa kushoto umeshaingia katika maji yale ya moto. Alikitoa kigurudumu kikiwa cheusi tii. Nilianza kulia, nikimwomba radhi, nikisema nimekiua. Alihangaika na ulimi wake muda mrefu, mate yakimtoka, asijali.

“Usilie, mama. Leta… limau.”

Mama alikuja mbio kutoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Baba alikuwa amekwisha kukibana kigurudumu katikati ya magoti, anakisugua kwa limau, taratibu, weusi unapungua. Kuanzia siku ile tulifanya kazi wawili. Mkono wake wa kulia aliulaza juu ya vipande kama jiwe la kuzuia karatasi, wa kushoto ukisugua. Mimi nilishika bisibisi. Tulipomaliza kupaka mafuta ya cherehani na kurudisha kila kitu, nilifika kwenye kishikio, nikanyong'onyea. Kilikuwa upande wa kulia. Baba aliigeuza rili, akanionyesha skrubu ya upande wa pili.

“Huku.”

Kishikio kilihama. Akazungusha kwa mkono wa kushoto, mara moja, mara mbili, kisha akaendelea tu kuzungusha, na mama akarudi jikoni upesi tusimwone uso.

Nadhiri yangu haikutimia. Mkono wa kulia haukuamka kamwe, na nilimkasirikia Mungu kwa siri. Lakini Jumapili moja mjomba alimpakia baba kwenye baiskeli hadi Igombe. Baba alibana ufito wa mshipi kwapani, akarudi na perege mmoja wa ukubwa wa kiganja, ambaye mama alimkaanga na kutugawia sote. Mwezi uliofuata baba alishusha randa ukutani. Vigoda vyake vya mkono wa kushoto vilipinda kidogo, na majirani walivikalia.

Baba ametangulia mbele ya haki sasa. Gongoni maduka yamejaa vitu vipya. Feni yangu ikinguruma nanunua nyingine, simu ikipasuka kioo naibadilisha, wala sioni kuwa nimekosa. Ila nimekaribia umri aliokuwa nao baba mwaka ule. Mikono yangu yote miwili ni mizima, na sikumbuki mara ya mwisho ilipokaa wiki tatu juu ya kitu kimoja, pamoja na mtu mmoja.