Ndege Moja Iliyoruka Siku ya Mgomo

Jamani, siku ya mgomo wetu marubani, ndege zote zililala chini. Iliruka moja tu.

Nahodha wake alikuwa mume wangu.

Na mimi, rubani mwenzake, ndiye katibu wa chama kilichoitisha huo mgomo. Hebu vuta picha.

Tumesimama getini na mabango, sauti zimetukauka. Mara tukasikia muungurumo. Mwenyekiti akaniuliza, "Katibu, nani huyo?"

Nikampigia mume wangu. Simu imezimwa. Nikajua.

Uongozi wa kampuni ukatangaza kwamba marubani wameanza kurudi kazini. Wenzetu wakaondoka mmoja mmoja. Hadi jioni, umoja wetu kwisha habari yake.

Nyumbani nikamkuta anatazama televisheni, sauti mpaka kwa jirani.

"Umenivua nguo mbele ya watu! Mimi niko juani, wewe unaruka na meneja wa marubani?"

"Nilitaka kuruka mara ya mwisho, mama."

"Mwisho wa nini? Usinichezee!"

Sikumpa nafasi. Nikaandika tangazo la chama mwenyewe: huyu ni msaliti, si mwenzetu tena. Akabeba begi, akaenda kwa dada yake.

Wiki haikuisha, wifi akanipigia.

"Wifi, mwenzio sikio moja limekufa kabisa. La pili nalo linakwenda. Leo amerudisha leseni."

Nikakaa chini palepale.

Ngoja niwaambie kilichonimaliza. Kwenye mazungumzo ya mkataba, kabla ya mgomo, mwajiri alitubana: chagueni moja, mapumziko marefu kati ya safari, au bima ya rubani anayepoteza leseni kwa ugonjwa. Wakongwe wakataka bima, vijana wakataka mapumziko. Chama kikataka kupasuka.

Mimi nikapima. Kuchoka tunachoka wote, kuumwa wataumwa wachache. Nikawabembeleza wanachama tuiache bima tubaki kitu kimoja. Ikapigwa kura ya kunyoosha mikono, wakakubali. Mwajiri akaifuta bima, halafu mapumziko nayo akatunyima. Ndiyo tukagoma.

Nyumbani nilikuwa nimejisifu weee! Mume wangu akauliza tu, "Na atakayeumwa?"

Nikamwambia aache uchuro.

Basi nikamfuata kwa wifi, nalia njia nzima.

"Kwa nini hukuniambia mimi, mkeo?"

"Ungeniripoti."

Alisema kweli. Kazini kwetu ukijua mwenzako ana tatizo la namna hiyo, lazima useme, naye anasimamishwa kuruka. Ndiyo maana tunafichana hata mafua.

"Nisingekuripoti, baba!"

"Ungeripoti. Nakujua. Na ungekuwa umefanya sawa."

Hasira ikanipanda tena, maana uchungu nao una vituko vyake. "Sasa siku ya kura ya bima, si ungepinga kuiacha? Hata kura moja tu?"

Akanigeuzia lile sikio linalosikia kidogo. Nikarudia.

"Nilinyoosha mkono kukuunga," akasema. "Ulisimama mbele pale ukaomba tuwe wamoja. Ningekuangushaje, mke wangu?"

Nikamwomba turudi nyumbani. Akatikisa kichwa.

"Tangazo lako nimelisoma. Mimi si mwenzenu."

Yuko huko mpaka leo. Na sisi tumesaini mkataba, bima hakuna, mapumziko hakuna.

Ninyi mnaoongoza watu, msifurahie tu mikono mingi iliyonyooshwa. Pengine kuna mmoja anajiumiza mwenyewe kwa ajili yako, na amekaa mstari wa mbele anakupigia makofi.