Chungu Kilichosuguliwa

Shangazi yangu aliajiriwa kwenye jumba la makumbusho akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kudeki. Wiki ya kwanza alikuta ghalani chungu cha kale, cheusi kwa masizi, akaona aibu kwa niaba ya jumba zima. Akakisugua kwa mchanga na majivu mpaka kikang'aa. Mhifadhi mkuu alipokiona alikaa sakafuni, mikono kichwani. Kwenye yale masizi ndiko kulikokuwa na habari zote: kuni zilizowashwa, nafaka iliyopikwa, hata umri wa chungu chenyewe. Wafanyakazi wenzake wakamwita shangazi Mama Masizi, na jina likamganda.

Hakufukuzwa. Alianza kuuliza maswali, na hajaacha. Miaka arobaini baadaye yeye ndiye mtunza ghala. Kila kitu kina namba na kadi kwa mwandiko wake, na kila Jumatatu huhesabu wadudu walionasa kwenye karatasi za gundi, ajue wanaingilia dirisha gani.

Mimi nafundisha historia chuoni. Mara mbili niliomba tuanzishe shahada ya taaluma ya makumbusho, mara mbili nikakataliwa. Safari ya tatu kamati ya chuo ilisema itakuja ghalani kujionea. Ikikataa tena, faili linafungwa moja kwa moja. Nilimsihi shangazi akifiche kile chungu. Alisema amenisikia. Hakusema atakificha.

Walikuja watatu asubuhi, wakiongozwa na mkuu wa kitivo, mtu wa hesabu na mizaha. Hata hajamaliza kuvua miwani ya jua, alisema kama kufuta vumbi ni shahada, basi mkewe ni profesa. Wakacheka. Shangazi naye akacheka, huku akinyoosha mkono rafu ya chini, kilipokaa kile chungu.

"Hiki nilikisafisha mwenyewe, profesa," alisema, akakiweka mbele yake. "Haya, niambie kilipikiwa nini."

Mkuu alikigeuza, akachungulia ndani, akanusa. Hakuambulia kitu. Shangazi akaweka kando yake chungu kingine kilichofukuliwa kwenye shimo lilelile, cheusi tii, na kadi yake: mtama, kuni za mgunga, miaka mia sita. Kisha akampa kadi ya kile kinachong'aa. Ilikuwa na mstari mmoja tu: Masizi yaliondolewa kwa mchanga. Aliyeyaondoa ni mimi.

"Sikuwa mjinga, nilikuwa sijafundishwa," alisema. "Na mama watoto wako angekisugua vilevile, nawe ungemsifu."

Mkuu alicheka kuliko wote. Halafu akaomba kiti.

Walikuja kwa ziara ya nusu saa. Wakaondoka saa nane mchana, wameshahesabu hata wadudu. Kurasa arobaini za maombi yangu sikuzigawa, nilizisahau kwapani.

Barua ya kukubaliwa ilikuja na sharti: somo la kwanza alifundishe mtunza ghala. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Siku ya kwanza alimpa kila mwanafunzi kitu kichafu na kitambaa kisafi, akawaambia wakitazame saa nzima, wasifute. Nilikaa kiti cha nyuma, kitambaa mapajani, vidole vikiniwasha.